Huru London, mtumwa Antigua: kisa cha Mary Prince na hukumu iliyomfungia njia ya kwao

Ni mwaka 1828, London. Mwanamke mweusi wa miaka kama 40 anatoka kwenye nyumba ya watu waliomleta kwa meli kutoka kisiwa cha Antigua, Karibi, viungo vinamuuma kwa baridi yabisi, mzigo wake ni sanduku tu, na hana pa kwenda zaidi ya kwa mng'arisha viatu mmoja na mkewe ambao amewajua pale pale kazini. Anaitwa Mary Prince. Kwa sheria ya Uingereza hakuna wa kumkamata akamrudisha utumwani kwa nguvu, kwa hiyo yuko huru. Ila mume wake, Daniel James, yuko Antigua, na akimfuata mume basi siku meli inatia nanga St. John's yeye anakuwa tena mali ya bwana yule yule aliyemkimbia. Yaani achague, uhuru au ndoa. Na hii ilikuwa imetoka kuthibitishwa mwaka mmoja tu nyuma, na jaji mmoja mzee kweli kweli.

Nataka nikichambue polepole hiki kisa maana utumwa wa Karibi huwa tunausoma kwa mafungu makubwa, meli, miwa, mjeledi, halafu 1834 wakaachiwa, tumemaliza. Kumbe ukimfuata mtu mmoja unaona uhuru wenyewe haukuwa wa mtu, ulikuwa wa ardhi aliyosimama. Ukihama ardhi, umeuacha pale.

Tumjue kwanza. Mary alizaliwa Bermuda mnamo 1788, sehemu inaitwa Brackish Pond, mtoto wa watumwa. Alipofika miaka kama 12 akauzwa sokoni pamoja na wadogo zake, kila mmoja kwa mtu wake, na anasimulia kuwa asubuhi ile mama yao alipokuwa anawavalisha alisema ni kama anawavika sanda. Yeye alikwenda kwa pauni 57 za pesa ya Bermuda. Baadaye akapelekwa visiwa vya Turks kwenye mashimo ya chumvi, kazi inaanza saa kumi alfajiri, unasimama ndani ya maji ya chumvi kutwa nzima jua likiwa utosini mpaka miguu inatoka vidonda vinavyokula hadi mfupa. Huko alikaa karibu miaka 10. Mwaka 1815 hivi akanunuliwa na mfanyabiashara anaitwa John Adams Wood kwa dola 300, akahamia naye Antigua. Kazi yake ikawa ya ndani, kulea mtoto na kufua.

Sasa Antigua ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 280 tu, Waingereza walikishika tangu 1632 na ilipofika karne ya 18 karibu kila sehemu inayolimika imepandwa miwa. Kwa ukatili kilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1736 watu walishtukia mpango wa uasi uliokuwa unaongozwa na mtumwa aliyeitwa Court, wengine wanamwita Prince Klaas, na adhabu iliyofuata ikaua watumwa 88, wengi wao kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Haya ndo mazingira. Ila mjini St. John's mtumwa wa ndani alikuwa na kaupenyo kadogo, na Mary alikatumia vizuri sana. Mabwana zake wakisafiri yeye anafulia watu kwa malipo, anauza kahawa na viazi vikuu kwa manahodha, kuna wakati alinunua nguruwe melini kwa bei rahisi akaenda kumuuza nchi kavu kwa faida mara mbili. Mtu wa Unguja ataielewa haya mambo haraka, maana mjini kwetu nako kulikuwa na mtumwa anayefanya kazi kwa watu baki halafu mshahara anagawana na bwana wake, ndo walikuwa wanaitwa vibarua, na neno tumebaki nalo. Tofauti ni kwamba Mary alikuwa anakusanya akiwa na shabaha moja, kujinunua.

Na hapa ndo kisa kinaanza kunoga, au kuchefua, sijui nisemeje. Pesa anayo. Wapo watu huru weusi na wazungu pia walioenda kwa Wood kutaka kumnunua ili wamwachie. Wood na mkewe wakakataa kila mara. Kibiashara haieleweki, huyu ni mjakazi mwenye baridi yabisi ambaye mke wa Wood kila siku analalamika kwamba ni mvivu na ana mdomo, sasa umeletewa pesa ya kumwachia, chukua basi! Hawakuchukua. Mi naona pale ishu haikuwa pesa tena, ilikuwa nani ana neno la mwisho.

Desemba 1826 akaolewa na Daniel James, seremala aliyekuwa ameshajinunua mwenyewe. Ndoa ikafungwa kwenye kanisa la Wamoraviani, Spring Gardens (hawa hawa ambao watu wa Mbeya na Tabora wanawajua vizuri), kwa sababu kanisa la Kiingereza halikuwa likifungisha ndoa ya mtumwa na mtu huru. Hakuomba ruhusa kwa bwana. Wood alipojua akamchapa kwa mjeledi wa farasi, na mke wa Wood akawaka kwamba hataki nguo za mwanaume mweusi zifuliwe beseni moja na za kwake. Mwishowe Wood akamruhusu Daniel akae uani pale na mkewe. Hicho ndo kilikuwa chumba chao cha ndoa, uani kwa bwana.

Halafu 1828 familia ya Wood ikasafiri kwenda London, kumpeleka mtoto wa kiume shule na kuwachukua mabinti. Mary akapelekwa kama yaya na dobi. Yeye mwenyewe alikubali, alitumaini atapona maumivu yake na atarudi mzima kwa mumewe, na Daniel naye alikuwa amesikia tetesi kwamba bwana atamwachia akifika huko. Zilikuwa tetesi tu. Kufika London maumivu yakazidi na baridi, lakini rundo la nguo za kufua liko pale pale, na kila akisema hawezi anaambiwa mlango ule pale, toka. Mara nne kama siyo zaidi. Wood alikuwa anajua hesabu yake vizuri, mwanamke mgonjwa, hana ndugu, hana kazi, nje baridi, ataenda wapi? Mary akatoka. Kwanza kwa yule mng'arisha viatu, halafu akawaendea Wamoraviani ofisini kwao Hatton Garden, na Novemba 1828 akafika ofisi ya Chama cha Kupinga Utumwa mtaa wa Aldermanbury. Swali alilowapelekea lilikuwa jepesi tu, nifanyeje nirudi kwa mume wangu nikiwa huru?

Wanasheria wakamwambia ukweli. Hapa uko huru, kule hapana.

Ili uelewe kwa nini, lazima turudi kwa mwanamke mwingine. Lakini kabla yake kuna mwaka 1772, kesi ya James Somerset, mtumwa aliyeletwa Uingereza na bwana wake, akatoroka, akakamatwa na kufungiwa kwenye meli inayoelekea Jamaica ili akauzwe. Jaji Mansfield akasema bwana hana mamlaka ya kumtoa mtu Uingereza kwa nguvu, maana kitu kama utumwa hakiwezi kusimama bila sheria iliyoandikwa, na Uingereza haina. Weusi wa London wakasherehekea. Watu wengi wakachukulia kwamba maana yake ni hii: mtumwa akikanyaga Uingereza tu, kesha kuwa huru moja kwa moja. Mansfield hakusema hivyo lakini ndo ilivyosambaa, na ikakaa hivyo miaka zaidi ya 50.

Sasa Grace. Alikuwa mtumwa wa ndani Antigua, mali ya mtu anaitwa Allan. Mwaka 1822 mke wa Allan akasafiri naye kwenda Uingereza, wakakaa mpaka 1823, wakarudi wote. Kimya. Agosti 1825 afisa wa forodha Antigua akamkamata Grace, soma tena, FORODHA, kama wanavyokamata pombe ya magendo, kwa hoja kwamba huyu ni mtu huru aliyeingizwa kisiwani kinyume cha sheria, kwa sababu tangu 1807 kuingiza watumwa makoloni kulipigwa marufuku. Mahakama ya pale kisiwani Agosti 1826 ikaamua arudishwe kwa Allan, na Allan alipwe fidia kwa muda aliokosa kumtumia. Rufaa ikaenda London, mahakama kuu ya mambo ya bahari, mbele ya Lord Stowell, umri wake miaka 82. Hukumu ikatoka Novemba 1827.

Waswahili tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Stowell alisema yanazoleka. Grace alipokuwa Uingereza, alisema, kweli hakuna aliyeweza kumshika kwa nguvu, lakini hali yake ya utumwa haikufa, ililala tu. Aliporudi Antigua kwa hiari yake ikaamka. Uhuru wa Uingereza aliufananisha na maneno yaliyowekwa kwenye mabano, unayasoma ukipita, halafu sentensi inaendelea kama ilivyoanza.

Kinachonifanya nisimchukulie huyu mzee kama katili wa kawaida ni sababu alizotoa, maana kuna sehemu anawavua nguo Waingereza wenzake kabisa. Anasema hiyo mbwembwe ya kwamba hewa ya Uingereza ni safi mno mtumwa hawezi kuivuta ni maneno ya kujipamba, kwa sababu Uingereza hiyo hiyo ndo imejenga utumwa makoloni, bunge limetunga sheria za kuulinda, mahakama zake zinakubali rehani na madeni ambayo dhamana yake ni watumwa, utajiri wake unatoka huko. Sasa unawezaje kula matunda ya mti halafu ukifika nyumbani unasema mti siujui? Hoja nzito. Ila ona alipoipeleka. Badala ya kusema basi tuung'oe mti, akasema basi mti ubaki na Grace arudi kwa Allan. Na alikuwa na hoja nyingine tena, kwamba tangu 1772 watumwa wengi wamekuja Uingereza wakarudi visiwani na hakuna aliyewahi kudai yuko huru. Hakuna aliyedai! Angedai kwa nani, kwa mahakama zilizojaa wenye mashamba?

Na lile neno "hiari" ndo linanikera zaidi. Grace alirudi kwa hiari. Dada wa kazi asiye na mshahara, mwaka mmoja ugenini, anayemjua ni mke wa Allan tu, watu wake wote wako Antigua, anaambiwa tunarudi, anapanda meli. Kwenye hukumu nzima anazungumziwa yeye tu, yeye hazungumzi. Mahakama ikaiita hiyo hiari, na juu ya hiyo hiari ikajenga kanuni ya himaya nzima. Haikuishia hapo, mwaka uliofuata jaji Joseph Story wa Mahakama Kuu ya Marekani alimwandikia Stowell kukubaliana naye, na miaka 30 baadaye, 1857, ilipokuja kesi ya Dred Scott, mtumwa wa Marekani aliyedai uhuru wake mahakamani akanyimwa, kesi ya Grace ilitajwa humo.

Haya, turudi kwa Mary. Unaona sasa kwa nini Wood alikuwa hana presha? Kisheria hana haja ya kumfukuza mtu mitaa ya London. Anakaa tu. Mlango wa kurudi kwa mume unapita mkononi kwake na yeye ndo mwenye ufunguo, akitia saini hati ya uhuru Mary anarudi kwao, asipotia, Mary hana kwao. Wakili George Stephen akalishughulikia suala, watu wakajitolea kulipa, Wood akakataa kuuza kwa bei yoyote. Juni 1829 wakapeleka ombi bungeni kwa jina la Mary, likasomwa, likabaki kuwa ombi. Baadaye mwaka huo huo Wood na familia wakarudi Antigua, hawakusaini kitu. Mpaka gavana wa Antigua aliombwa azungumze naye. Wood akajibu kwa barua ndefu ya kumchafua Mary tabia, kwamba mwanamke mbaya kama huyu kumpa uhuru ni kumzawadia. Angalia vizuri hiyo hoja. Ni mbaya sana, kwa hiyo lazima aendelee kuwa wangu.

Desemba 1829 Mary akapata kazi ya ndani, safari hii ya mshahara, kwa Thomas Pringle, katibu wa Chama cha Kupinga Utumwa. Akiwa hapo akaomba maisha yake yaandikwe. Akasimulia, mwanamke kijana aliyekuwa mgeni pale nyumbani, Susanna Strickland, akaandika, Pringle akahariri, kitabu kikatoka 1831, na mwaka huo huo kikachapwa mara tatu. Watu wanapenda kuuliza ngapi ni sauti yake na ngapi ni ya hao wahariri. Ni swali la haki, maana kuna sehemu unasikia kabisa mwanaharakati wa London anapiga dua. Lakini yule nguruwe wa melini, lile beseni la nguo, mama na sanda, hayo mwanaharakati wa London hayajui.

Na kitabu hakikutosha. Akina mama wa vyama vya kupinga utumwa wakaandika kuuliza kama kweli ana makovu, kwa hiyo mke wa Pringle pamoja na wanawake wengine wakamvua wakamkagua mgongo na kuandika ushahidi kwamba ndiyo, makovu yapo, mengi. Yaani hata kwa marafiki zake neno lake lilihitaji muhuri wa mgongo wake. Wakati huo macho nayo yalikuwa yanaanza kupotea.

Gazeti moja lililokuwa upande wa wenye mashamba likamshambulia yeye na Pringle vibaya, mambo yakaishia mahakamani 1833, kesi mbili zilizofuatana. Pringle akashtaki upande wa gazeti, akashinda. Wood akamshtaki Pringle kwa kumchafulia jina kwenye kile kitabu, naye Wood akashinda. Mary alisimama kutoa ushahidi. Hiyo ya pili ilisikilizwa Machi 1833.

Huku nyuma visiwani kulikuwa kunachemka. Antigua kwenyewe, Machi 1831, baraza la wenye mashamba lilifuta soko la Jumapili, siku pekee ambayo watumwa walikuwa wanauza mazao yao, na hawakuwapa siku nyingine badala yake. Watu wakagoma kutoka sokoni, mashamba ya miwa yakawaka moto, jeshi likaingia. Krismasi ya mwaka huo Jamaica ikalipuka kwa uasi mkubwa zaidi ulioongozwa na Sam Sharpe, na ule ndo uliowafanya wanasiasa London waone kwamba wasipofuta wao, watafuta watumwa wenyewe. Agosti 1833 sheria ikapita, ianze 1 Agosti 1834, lakini kwa ujanja, mtumwa haachiwi moja kwa moja, anaitwa mwanafunzi wa kazi na anaendelea kumtumikia bwana bure saa nyingi za wiki kwa miaka kadhaa.

Antigua na Bermuda, visiwa viwili kati ya vile ambavyo Mary aliishi kama mali, vikaruka hiyo hatua na kuachia watu siku ile ile. Usiwapigie makofi haraka. Wenye mashamba wa Antigua walikaa na kalamu. Kisiwa ni kidogo, kikavu, hakuna mlima wala msitu wa mtu kwenda kujilimia, ardhi yote ni yao. Aliyeachiwa ataenda wapi? Atarudi kuomba kazi shamba lile lile, kwa mshahara mdogo, na safari hii bwana halazimiki kumlisha akiugua wala akizeeka. Ni hesabu ile ile ya Wood mlangoni London, mwache atoke, hana pa kwenda. Wakaongezea sheria ya mkataba, mkataba wa mwaka mzima ambao hata wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubana, ukikosa kazi unakatwa au unafungwa, ukigombana na bosi unatolewa kwenye nyumba maana nyumba ni ya shamba. Watu nao wakajibu kwa kununua vipande vya ardhi walivyoweza na kuanzisha vijiji vyao. Kimoja kinaitwa Liberta mpaka leo.

Fidia ilikuwepo, na kubwa, pauni milioni 20 kwa himaya nzima, ila walilipwa mabwana. Kwa Antigua walihesabiwa watu kama 29,000, wastani wa pauni 14 na kidogo kwa kichwa. Serikali ya Uingereza ilikopa ili ilipe, na mabaki ya deni hilo yalikuja kumalizwa 2015. Unguja 1897 nako mambo yalikuwa hayo hayo, Sultani Hamud alipofuta utumwa chini ya shinikizo la Waingereza, fidia ilikwenda kwa wenye watumwa na masuria wakaachwa nje ya sheria.

Lakini ile ya 1834 kwa vyovyote ilikuwa na kitu kimoja ambacho Stowell hangeweza kukirudisha kwenye mabano. Safari hii ardhi yenyewe ya Antigua ndo ilibadilika. Usiku wa Alhamisi 31 Julai makanisa yalijaa, watu wakakesha wakisubiri saa sita, na ilipogonga walipiga magoti kwanza kabla ya kelele kuanza. Tangu dakika ile, nahodha yeyote angeweza kumshusha Mary Prince gatini St. John's, akatembea mpaka kwa Daniel James, na Wood asiwe na la kusema. Mara ya mwisho jina la Mary kuonekana popote kwenye maandishi ni ile kesi ya Machi 1833, miezi 17 kabla.